Mlango Unaofunguka Si Lazima Uwe Mzima

Miongoni mwa vitu vinavyopewa uzito mdogo kuliko vinavyostahili katika majengo makubwa ya biashara ni mlango. Lifti ikikwama, wapangaji wote hulalamika siku hiyo hiyo. Bomba likipasuka, fundi huitwa kabla ya adhuhuri. Paa likivuja, mwenye jengo hupelekewa barua. Lakini mlango unaofunguliwa kwa kadi, hata ukiwa umechakaa kiasi cha kutomzuia mtu yeyote mwenye nia mbaya, hauleti malalamiko. Kila asubuhi watu huonyesha kadi zao, taa ya kijani huwaka, nao huingia kazini. Kwa macho ya wengi, chombo kinachofanya hivyo ni chombo kizima.

Hapo ndipo penye kosa. Kazi ya mlango wa namna hiyo si kufunguka. Mlango usio na kitasa hufunguka vizuri zaidi. Kazi yake ni kumkatalia asiyestahili, na kuweka kumbukumbu ya kweli ya nani aliingia wapi na saa ngapi. Kazi hizo mbili zaweza kufa pole pole kwa miaka mingi bila taa kuzimika wala kengele kulia. Kwa hiyo, mwenye jengo anayengoja mlango uharibike ndipo aubadilishe anangoja ishara ambayo huenda isije kamwe, au ikaja siku ambayo mali imekwisha kwenda.

Jambo hili lawahusu watumishi wa umma na walimu kuliko wengi wanavyodhani. Kwanza, ofisi nyingi zinazotunza mafaili yao, mikopo yao na akiba zao zimo katika majengo ya kupangisha. Pili, baadhi ya majengo hayo ni mali yao wenyewe. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, sehemu ya michango ya wanachama ilikuwa imewekezwa katika majengo ya biashara mijini. Kodi ya pango ya jengo la namna hiyo ni sehemu ya uzee wa mwalimu aliyeko Kasulu au Newala. Mpangaji anapohama kwa sababu vitu vyake haviko salama, hasara haiishii kwa meneja wa jengo.

NAMNA MLANGO UNAVYOZEEKA

Ili kuelewa uzee wa mlango, yafaa kwanza kujua viungo vyake. Kuna kadi anayobeba mtu. Kuna kisoma kadi kilichobandikwa ukutani. Kuna waya unaopita ndani ya ukuta hadi kwenye kisanduku kinachotoa uamuzi. Kuna kitasa kinachotii amri ya kisanduku hicho. Kuna kompyuta yenye programu ya kuendesha vyote hivyo. Na kuna orodha ya watu wanaoruhusiwa. Kila kiungo huzeeka kwa namna yake, na mara nyingi kilicho kibovu kuliko vyote ndicho kisichoonekana.

Tuseme kadi. Kadi nyingi zilizoenea katika majengo ya ofisi tangu miaka ya 1990 hutumia mawimbi ya kilohezi 125. Kadi hiyo haina betri. Ikifikishwa karibu na kisoma kadi hupata nguvu kutoka katika mawimbi yake, kisha hutaja namba yake. Haimwulizi anayeisoma ni nani, wala haina siri ya kuthibitisha kwamba yenyewe ndiyo kadi halisi. Humtajia namba ile ile yeyote aliye na kifaa cha kusikiliza. Leo hii vifaa vya kunakili kadi za aina hiyo vinauzwa kwa bei isiyomshinda mtu wa kipato cha kawaida, na kazi ya kunakili huchukua sekunde chache. Mwenye kadi hatambui lolote, kwa kuwa kadi yake bado anayo mfukoni. Ufunguo wa chuma ukiibiwa, mwenyewe huukosa. Namba ikiibiwa, mwenyewe huendelea kuitumia.

Waya nao una historia yake. Mtindo uliotumika zaidi wa kupeleka namba kutoka ukutani hadi kwenye kisanduku unaitwa Wiegand, kwa jina la mvumbuzi John Wiegand, ambaye ugunduzi wake kuhusu nyaya za sumaku ulitumika katika kadi za milango. Katika mpangilio wake uliozoeleka namba huwa na biti 26: biti 8 ni za jengo, 16 ni za kadi, na 2 ni za kukagua makosa. Maana yake ni kwamba dunia nzima inagawana namba za majengo 256 tu, na kila moja ina namba za kadi 65,536. Si ajabu basi kadi za ofisi mbili zisizojuana kuwa na namba moja. Tena namba hiyo hupita katika waya ikiwa wazi, bila kufichwa. Mtu aliyepata nafasi ya kukifungua kisoma kadi kwa bisibisi aweza kuunganisha kifaa kidogo nyuma yake, akakusanya namba za kila apitaye. Na kwa kuwa mawasiliano ya mtindo huo huenda upande mmoja tu, kisanduku huwa hakina njia ya kukiuliza kisoma kadi kama bado kipo mahali pake au kimekwisha kung'olewa.

Kompyuta iliyoko chumba cha walinzi huzeeka kwa namna nyingine. Watengenezaji wa Windows 7 waliacha kuipa kinga mpya tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hiyo huendelea kuwaka kama kawaida. Kinachokoma ni kuzibwa kwa nyufa zinazogunduliwa baada ya siku hiyo. Jengo ambalo programu yake ya milango haikubali mfumo mwingine isipokuwa wa zamani limejifunga kwenye nguzo ambayo haina tena fundi.

UPYA SI USALAMA

Wako watakaosema kwamba dawa ni rahisi: zing'olewe kadi za zamani, zinunuliwe mpya. Historia ya Uholanzi yaonyesha kwamba jambo haliendi hivyo. Mwaka 1994 ilianza kuuzwa kadi ya MIFARE Classic, iliyosifiwa kwa kuwa na siri ndani yake. Ikaenea katika usafiri na katika majengo ya nchi nyingi. Desemba 2007, katika mkutano wa wataalamu mjini Berlin, watafiti Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza namna walivyoichunguza kadi hiyo hadi ndani ya kipande chake cha silikoni. Machi 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, wakaonyesha kwamba siri yake yaweza kuvunjwa na kadi ikanakiliwa. Serikali ya Uholanzi, ambayo majengo yake yalitumia kadi hizo, ililazimika kuongeza ulinzi milangoni. Kampuni iliyotengeneza kadi hiyo ilikwenda mahakamani kuzuia utafiti usichapishwe. Julai 2008 mahakama ya Arnhem ilikataa ombi hilo.

Fundisho la kisa hicho halihusu kadi moja tu. Kadi ile haikuwa imechakaa. Ilikuwa ikifunga na kufungua vilevile Jumatatu na Jumanne. Kilichobadilika ni elimu ya watu kuihusu. Siri ya mlango ina umri kama maziwa yalivyo na umri, na umri huo hausomeki kwa kutazama chombo kwa macho. Hivyo anayepanga kubadilisha milango leo hana budi kuuliza swali ambalo wauzaji hawalipendi: siku siri hii itakapovunjwa, je, itawezekana kubadilisha kadi peke yake, au itabidi kubomoa ukuta upya?

Kadi zinazostahili kununuliwa sasa ni zile ambazo hazitaji siri yake hata kidogo. Kisoma kadi huiuliza kadi fumbo la hesabu ambalo ni jipya kila mara. Kadi hujibu kwa kutumia siri iliyomo ndani yake, na jibu hilo halifai tena kwa mara ya pili. Anayesikiliza pembeni huambulia jibu la swali ambalo halitaulizwa tena. Kwa upande wa waya, uko mtindo uitwao OSDP, ulioanzishwa mwaka 2008 na kukubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 2020. Mtindo huo huruhusu mazungumzo ya pande mbili, huyafunga mazungumzo hayo kwa fumbo iwapo fundi ameiwasha njia hiyo ya siri, na humpa mlinzi habari kisoma kadi kinapong'olewa. Waya wake waweza kufika mita 1,200, wakati ule wa zamani uliishia kiasi cha mita 150. Tena mara nyingi nyaya zilizomo ukutani zaweza kutumika tena zikiwa nzima, jambo linalopunguza gharama na vumbi.

MTEGO WA KIPINDI CHA MPITO

Jengo lenye wapangaji ishirini haliwezi kubadilishiwa kadi usiku mmoja. Kwa sababu hiyo mafundi hufunga visoma kadi vinavyosoma kadi za aina zote mbili, za zamani na mpya, ili watu wabadilishiwe kidogo kidogo. Utaratibu huo ni wa busara. Lakini ndani yake umo mtego ambao majengo mengi hunaswa nao.

Kisoma kadi kinachokubali kadi ya zamani kina nguvu ya kadi ya zamani, hata kiwe kipya kiasi gani. Ikiwa mkurugenzi amepewa kadi mpya isiyonakilika, na dereva mmoja aliyeko safarini bado ana ile ya mwaka 1998, mwizi hana haja ya kupambana na kadi ya mkurugenzi. Atanakili ya dereva. Fedha zote zilizotumika zimenunua rangi mpya ya ukuta. Kwa hiyo, mpango wowote wa kubadilisha milango ambao hauna tarehe iliyoandikwa ya kuzima kadi za zamani si mpango wa usalama. Tarehe hiyo itangazwe tangu siku ya kwanza, ikumbushwe kwa barua, na ikifika isisogezwe kwa ajili ya mkubwa yeyote. Uzoefu wa ofisi unaonyesha kwamba wanaochelewa mara nyingi ndio wenye vyeo, na ndio wenye ruhusa ya kuingia vyumba vingi zaidi.

DAFTARI KWANZA

Hata hivyo, kadi na waya si asili ya uovu wote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mlango ni ile orodha ya wanaoruhusiwa, na katika majengo mengi orodha hiyo haijapata kusafishwa tangu ilipoanza. Wamo waliostaafu. Wamo waliohamishiwa mikoani. Wamo vibarua waliopaka rangi wiki mbili na kadi zao hazikurudi. Wamo watu ambao kampuni zao zilihama jengo. Na pengine wamo marehemu. Kila jina kati ya hayo ni ufunguo unaotembea mjini bila mwenyewe.

Kuihamisha orodha hiyo kama ilivyo na kuiingiza katika mfumo mpya ni sawa na kuhamia nyumba mpya pamoja na kunguni wa kitanda cha zamani. Kabla ya senti moja kutumika kwa vifaa, kila mpangaji aletewe majina ya watu wake, ayasome jina kwa jina, atie sahihi kwa wanaobaki na kuwakata wasiokuwepo. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka nje wala fedha za kigeni. Yahitaji karani mwaminifu, kalamu, na meneja asiyeona haya kuuliza. Walimu wanaijua kazi hii vizuri: ni kuita mahudhurio.

Baada ya hapo uwekwe utaratibu wa kudumu. Ofisa utumishi anapoandika barua ya kumhamisha au kumstaafisha mtu, nakala moja ifike kwa mwangalizi wa milango, na kadi ifungwe siku ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako; anayejua kabati ipi ina nini si mpita njia, bali ni yule aliyeizoea ofisi na ambaye kadi yake imesahauliwa ikiwa bado hai.

ALAMA ZA VIDOLE SI KADI

Siku hizi kila muuzaji anayefika na mkoba wake husifu mlango unaosoma vidole au uso. Husemwa kwamba kidole hakisahauliki nyumbani wala hakiazimwi. Hayo ni kweli. Lakini kweli nyingine husemwa kwa sauti ndogo: kadi ikivuja hubadilishwa, ilhali kidole hakibadiliki. Agosti 2019 watafiti walieleza kwamba walikuta hifadhi ya taarifa za mfumo wa milango uitwao BioStar 2 ikiwa wazi katika intaneti, na ndani yake zikiwamo alama za vidole zaidi ya milioni moja. Aliyepotezewa alama hizo hawezi kwenda dirishani kuomba vidole vipya.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sheria hiyo inaziweka alama za mwili wa mtu katika fungu la taarifa nyeti. Mwenye jengo anayewapanga wapangaji mstari na kuwataka waweke vidole vyao kwenye mashine, bila kuwaeleza taarifa hizo zitakaa wapi, nani atazisoma na zitafutwa lini, anajitwika mzigo wa kisheria asioujua uzito wake. Kwa lango la mbele na ngazi za kawaida, kadi nzuri inatosha. Vidole viachiwe vyumba vichache vyenye sababu, kwa mfano chumba cha fedha au cha kompyuta kuu, na kwa idhini iliyoandikwa. Kumtaka mfagiaji atoe alama za mwili wake ili afagie ukumbi si usalama, ni udadisi.

KUTOKA NI HAKI YA KILA MTU

Katika mambo yote ya mlango, lililo kuu si nani anaingia bali ni nani anaweza kutoka. Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle Shirtwaist. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Mmoja wa milango ya kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wenye kiwanda waliogopa wizi. Miaka 101 baadaye, tarehe 11 Septemba 2012, mjini Karachi, watu zaidi ya 250 walikufa katika kiwanda cha Ali Enterprises. Mahakama ya huko mwaka 2020 iliamua kwamba moto ule uliwashwa kwa makusudi. Lakini moto, uwe umewashwa au umetokea, huua zaidi pale watu wanapokosa mlango wa kutokea, na pale Karachi njia za kutokea zilikuwa zimefungwa. Kote kuwili kulikuwa na mtu aliyeamua kwamba kuzuia wizi ni muhimu kuliko njia ya kukimbilia.

Milango ya kisasa yaweza kurudia kosa hilo kwa namna ya kificho. Milango mingi hushikwa na sumaku ya umeme yenye nguvu ya kilo 270 au 540. Hakuna binadamu awezaye kuishinda kwa bega. Umeme ukikatika sumaku huachia, na kwa hiyo watu hufarijika kwamba moto ukikata umeme milango itafunguka. Wanasahau betri ya akiba. Betri hiyo imewekwa makusudi ili sumaku iendelee kushika taa zinapozimika. Basi pasipokuwa na waya unaounganisha kengele ya moto na sumaku, na pasipokuwa na kitufe upande wa ndani kinachokata umeme wa sumaku moja kwa moja bila kuomba ruhusa kwenye kompyuta, betri nzuri yaweza kuwashika watu ndani ya moshi.

Na kinyume chake pia ni kweli. Betri iliyokufa, ambayo haijabadilishwa kwa miaka saba au minane ingawa umri wake wa kawaida ni kama miaka mitatu hadi mitano, huifanya milango yote ya sumaku kuachia mara umeme unapokatika, na jengo zima hubaki wazi gizani. Hitilafu zote mbili hazionekani siku ya kawaida. Dawa yake ni jaribio: angalau mara moja kwa mwaka, mbele ya wapangaji na ikiwezekana mbele ya maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, umeme ukatwe, kengele ipigwe, na kila mlango wa kutokea usukumwe kwa mkono. Mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho kabla jaribio hilo halijafaulu.

NANI ANASHIKA FUNGUO ZA FUNGUO

Liko jambo jingine linalosahauliwa katika mikataba. Mfumo wa milango una neno la siri la mwendeshaji mkuu, na kadi mpya zina siri mama ambayo kwayo kadi nyingine zote hutengenezwa. Mara nyingi vitu hivyo viwili hubaki mikononi mwa mkandarasi. Akifilisika, akigombana na mwenye jengo, au fundi wake akiacha kazi, mwenye jengo hujikuta mpangaji katika jengo lake mwenyewe: hawezi kuongeza kadi, kufuta jina, wala kumwita fundi mwingine.

Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba maneno ya siri na siri za kadi ni mali ya mwenye jengo, nazo zitakabidhiwa kwa maandishi na kutunzwa chini ya ulinzi wa watu wawili. Useme kwamba vifaa viwe vya kipimo kinachokubalika na watengenezaji zaidi ya mmoja. Useme kwamba visanduku vya uamuzi vitunze orodha ndani yake, ili mtandao ukikatika mlango uendelee kuwatambua watu wake. Useme bei ya matunzo kwa miaka kumi, si bei ya kufunga peke yake. Zabuni iliyo chini kuliko zote leo yaweza kuwa ya juu kuliko zote ifikapo mwaka wa nne, wakati kila kadi moja itakaponunuliwa kwa muuzaji mmoja kwa bei anayoitaka yeye.

USTAARABU NA ULINZI

Mwisho, hakuna mashine iwezayo kushinda tabia. Katika jamii iliyolelewa kuheshimiana, mtu aliyefungua mlango humshikia anayemfuata, hasa akiwa mzee au amebeba mizigo. Kumfungia mtu mlango usoni ni utovu wa adabu. Mwizi aliyevaa shati safi na kubeba katoni anaujua ustaarabu huo na anautegemea. Kuwakemea watu wasiwe waungwana hakutafaa, wala si vema. Kinachofaa ni kumpa mgeni mahali pa heshima pa kupokelewa: meza ya mapokezi, mtu wa kumsalimu na kumwuliza anakokwenda, daftari la wageni, na kadi ya mgeni inayokufa jioni. Hapo mfanyakazi aweza kusema, "Karibu, mzee, tafadhali pitia pale mapokezi," na akawa ametimiza adabu na wajibu kwa pamoja.

Mlinzi naye asidharauliwe kwa sababu mashine imeletwa. Mashine humtambua mwenye kadi. Mlinzi humtambua mtu. Akifundishwa maana ya kila taa na kila mlio, na akasikilizwa anapotoa taarifa, thamani yake huongezeka.

Itasemwa kwamba fedha hazitoshi. Hilo laweza kuwa kweli, na jibu lake ni mpangilio wa kazi. Kusafisha orodha hakuna gharama ya kutisha. Kuanze mwezi huu. Kujaribu milango ya kutokea na kubadilisha betri ni gharama ndogo, kufuate. Kisha yaje visanduku na programu, kisha visoma kadi na nyaya, kuanzia milango ya vyumba vyenye hatari kubwa; na mwisho kadi zote, pamoja na tarehe ya kuzima zile za zamani. Kazi hiyo yaweza kugawanywa katika bajeti za miaka miwili au mitatu. Isiyowezekana kugawanywa ni hasara ya siku moja.

Itasemwa pia kwamba jengo fulani halijapata kuibiwa hata siku moja. Huenda. Lakini jengo ambalo kadi zake zanakilika na orodha yake ina majina ya waliostaafu halina njia ya kujua kama limepata kuingiliwa ama la, kwa sababu aliyeingia kwa nakala ya kadi ya mwingine ameandikwa katika kumbukumbu kwa jina la huyo mwingine. Siku hesabu itakapodaiwa, atakayeitwa kujieleza ni karani asiye na hatia, ambaye mashine imemshuhudia uongo. Haki ya mtu huyo ndiyo sababu kubwa ya kutongoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakati mwingine anayelipa gharama za ukuta si yule aliyeuacha ufa.

Wapangaji, mameneja na wadhamini wa majengo haya waulizane basi maswali manne katika kikao kijacho: orodha ya wanaoruhusiwa ilisafishwa lini, milango ya kutokea ilijaribiwa lini, nani anashika maneno ya siri, na kadi za zamani zitazimwa tarehe gani. Penye majibu ya maandishi, pana mlango. Penye ukimya, pana ubao tu wenye taa ya kijani.